Laini nafuu Uingereza: kabla ya bei, ujue mnara ni wa nani na namba utaitoaje

Uingereza nzima ina mitandao minne tu yenye minara yake: EE, O2, Vodafone na Three. Miwili ya mwisho iliungana tarehe 31 Mei 2025 chini ya kampuni ya VodafoneThree, ingawa majina yote mawili bado yanauzwa. Karibu majina mengine yote ya simu unayoyaona madukani na kwenye mabango hayana minara yao. Yananunua dakika na data kwa jumla kutoka kwa hao wanne, yanaweka jina lao kwenye laini, yanakuuzia rejareja. Lebara, VOXI na Talkmobile ziko kwenye Vodafone. giffgaff na Tesco Mobile ziko O2. SMARTY na iD Mobile ziko Three. Lyca ilikuwa O2 kwa miaka mingi, ikahamia EE mwaka 2023, na 1pMobile nayo iko EE. Hapa nitaziita kampuni pangaji, na wale wanne wenye minara.

Kwa Mswahili aliyefika juzi, kampuni pangaji ndiyo njia ya kawaida ya kuanzia, na ana sababu nzuri. Ukitaka mkataba wa miaka miwili, kampuni itachungulia historia yako ya mikopo, na mgeni hana historia. Laini ya kulipia kabla haina hayo. Haina hata alama za vidole kama usajili wa laini Tanzania: unaichukua, unaichomeka, unalipa, unapiga. Aliyekaa miaka mingi naye anafaidika, maana data inayotoka kwenye mnara uleule kwa kawaida inauzwa bei ya chini kwa mpangaji kuliko kwa mwenye mnara.

Lakini bei ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachomsumbua mtu baadaye ni mambo mawili: simu isiyoshika ndani ya nyumba, na namba isiyotoka pale anapotaka kuondoka. Hayo ndiyo ya kuangalia kwanza.

Mnara, na simu iliyo mkononi mwako

Ukijua kampuni pangaji iko juu ya mtandao gani, ramani ya kuangalia ni ya mwenye mnara. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ina ukurasa wa kuangalia mitandao yote minne kwa postikodi. Weka postikodi ya nyumbani, ya kazini, na ya mahali unapopita kila siku. Soma safu ya ndani ya nyumba. Ile ya nje ina matumaini mengi mno. Nyumba za zamani za matofali mazito, na nyumba mpya zenye vioo vilivyopakwa metali kuzuia baridi, hukata mawimbi vibaya. Ghorofa ya chini ya ardhi ni balaa zaidi.

Ramani ikishakupa wawili wanaofaa, nunua kifurushi cha siku 30 cha mmojawapo na ukitie kwenye nafasi ya pili ya simu yako, namba yako ya zamani ikiwa bado hai kwenye nafasi ya kwanza. Tembea nayo wiki nzima. Piga simu ukiwa jikoni, chumbani, kwenye basi, na jioni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Saa hizo ndizo zinazoonyesha kama kampuni pangaji imenunua nafasi ya kutosha. Baadhi yao huwekewa kikomo cha kasi, na baadhi wateja wao husogezwa nyuma ya wateja wa mwenye mnara pale mtandao unapojaa. Hilo huandikwa kwenye ukurasa wao wa usimamizi wa mtandao, kwa herufi ndogo, na inafaa kuutafuta kabla ya kulipa.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. EE na Vodafone walizima 3G mwanzoni mwa 2024, Three akaizima kwa awamu, na O2 akaanza yake 2025. Zamani simu iliposhindwa kupiga kwa 4G iliangukia 3G na mazungumzo yakaendelea. Leo, kama simu haiwezi kupiga kupitia 4G, inaangukia 2G, na Three haikujenga 2G. Simu ya namna hiyo kwenye SMARTY au iD Mobile inaweza kuonyesha intaneti safi kabisa, ukipiga isiite.

Hili linawagusa sana wanaokuja na simu zao kutoka nyumbani. Tecno, Infinix na itel nyingi zina uwezo wa kupiga kwa 4G, ila uwezo huo hufunguliwa mtandao kwa mtandao ndani ya programu ya simu, na mara nyingi mitandao ya Uingereza haimo kwenye orodha. Kampuni pangaji nayo ina orodha yake ya simu inazozikubali, ambayo huwa fupi kuliko ya mwenye mnara. Kwa hiyo simu inaweza kupiga kwa 4G ikiwa na laini ya Vodafone yenyewe, na ikashindwa ikiwa na laini ya mpangaji wa Vodafone.

Kipimo chake ni cha nusu dakika. Zima Wi-Fi, angalia juu ya skrini kama kuna alama ya 4G au 5G, kisha piga namba yoyote na uiangalie alama hiyo simu ikiwa inaita. Ikibaki 4G, mambo ni mazuri. Ikigeuka kuwa E, G au 2G, simu imeangukia mtandao wa zamani. Maongezi yatakuwepo, lakini intaneti itasimama mpaka ukate. Kabla ya kulaumu simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu na uone kama kitufe cha VoLTE, yaani kupiga kwa 4G, kimewashwa, kisha kizime na kukiwasha tena ukiwa na laini mpya ndani. Angalia pia kitufe cha kupiga kupitia Wi-Fi. Anayeishi ghorofa ya chini isiyoshika mtandao atakihitaji kila siku, na si kila kampuni pangaji inacho.

Simu zilizonunuliwa Marekani zina tatizo lao. 4G inayopenya kuta na kufika vijijini hapa iko kwenye masafa ya 800 MHz, yaani bendi 20, na simu nyingine za soko la Marekani hazina bendi hiyo. Mjini, ukiwa barabarani, hutaona tofauti. Ukiingia ndani, au ukitoka nje ya mji, mtandao unayeyuka. Bendi huandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji kwa namba kamili ya toleo la simu, ile ya kwenye boksi. Jina la biashara pekee halitoshi.

Simu ikiwa imenunuliwa Uingereza, kufungwa kwa mtandao mmoja si tatizo tena kwa zilizouzwa baada ya 17 Desemba 2021, siku marufuku ya kuuza simu zilizofungwa ilipoanza. Ya zamani zaidi, mwombe aliyekuuzia aifungue.

Hesabu ya bei

Angalia kifurushi kinadumu siku ngapi. Cha mwezi unakilipia mara 12 kwa mwaka. Cha siku 28 unakilipia mara 13. Pauni 8 kwa mwezi ni 96 kwa mwaka. Pauni 8 kwa siku 28 ni 104. Halafu kuna bei ya kukaribisha: tuseme pauni 5 kwa miezi sita ya kwanza, kisha 12. Mwaka wa kwanza utalipa 30 na 72, jumla 102, yaani wastani wa 8.50 kwa mwezi. Kama jirani yake anauza kwa 8 bila mbwembwe, jirani ndiye nafuu, na mwaka wa pili atakuwa nafuu zaidi. Waliojiunga kwa bei ya kukaribisha wakumbuke tarehe inayokwisha, kwa sababu kifurushi hujisasisha chenyewe kwa bei kamili kupitia kadi ya benki.

Tangu 17 Januari 2025 mkataba mpya lazima utaje kupanda kwa bei kwa pauni na peni, na tarehe yake. Hawaruhusiwi tena kukuandikia asilimia iliyofungwa kwenye mfumuko wa bei. Vifurushi vya siku 30 vya kampuni pangaji nyingi havina kifungo, na hapo ndipo faida yao kubwa ilipo: bei ikipanda, unaondoka mwezi huohuo. Mimi simshauri mtu asaini miezi 24 ya laini tupu isiyokuja na simu. Punguzo unalopata halilingani na uhuru unaouuza.

Namba za huduma nazo zina bei zao. Zinazoanza na 0800 ni bure kutoka simu za mkononi tangu Julai 2015. Zinazoanza na 03 huingia kwenye dakika za kifurushi. Zile za 084 na 087 haziingii: unalipa ada ya huduma pamoja na ada ya kampuni yako ya kukuunganisha kwa kila dakika, na ada hiyo ya pili ndipo baadhi ya laini za bei rahisi hurudishia hela yao. Na una haki ya kuweka kikomo cha bili ya mwezi. Kampuni inatakiwa ikupe nafasi ya kukiweka, kwa hiyo kiweke siku ya kwanza.

Kupiga nyumbani

Wengi siku hizi wanapiga kwa WhatsApp, na sauti tupu inakula chini ya MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kifurushi cha GB chache kinatosha maongezi mengi. Ila bibi aliye kijijini na kitochi hana WhatsApp, na ofisi ya ardhi wala hospitali haipokei kwa njia hiyo. Kwa hao unahitaji dakika za kawaida za kimataifa.

Tangazo likisema dakika za kimataifa zimejumuishwa, fungua orodha ya nchi. Kuna orodha za nchi arobaini zenye India, Poland na Marekani, lakini Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi hazimo, kwa sababu gharama ya kufikisha simu kwenye mitandao ya huko ni kubwa. Na nchi ikiwemo, soma kama ni simu za mezani au za mkononi. Dakika 100 za mezani Tanzania hazimsaidii mtu ambaye ndugu zake wote wako kwenye 0754 na 0713.

Kama unalipa kwa dakika, tafuta mambo mawili kwenye jedwali la bei: ada ya kuunganisha na namna wanavyohesabu. Anayehesabu kwa dakika nzima anakutoza dakika mbili kwa sekunde 61. Kwa simu fupifupi za "umefika?" na "nimetuma, angalia", ada ya kuunganisha inaweza kuzidi bei ya maongezi yenyewe. Njia iliyo salama ni laini ya kampuni moja kwa matumizi ya hapa, na salio dogo kwa kampuni nyingine ya kupiga kimataifa kwa programu, iwapo bei yake kwa 255 au 254 inashinda.

Laini ya nyumbani usiitupe. M-Pesa, benki na huduma nyingine hutuma msimbo kwenye namba hiyo. Iweke kwenye nafasi ya pili na uzime data yake ya nje kabla ya ndege kuondoka, kwa sababu programu za simu zinajisasisha zenyewe na data ya nje inalika kwa dakika chache.

Kutoka na namba yako

Namba ya Uingereza ikishafungwa na benki, daktari, shule ya watoto na Home Office (wizara ya uhamiaji), imekuwa sehemu ya utambulisho wako. Kampuni inaweza kubadilika, namba isipotee.

Utaratibu ni mwepesi tangu Julai 2019. Ukiwa na laini ya zamani bado hai, tuma neno PAC kwenda 65075. Ni bure. Kwa laini ya kulipia kabla, baadhi ya kampuni hutaka uongeze tarehe ya kuzaliwa baada ya neno hilo. Jibu huja ndani ya dakika moja likiwa na msimbo wa herufi na tarakimu, jumla tisa, pamoja na ada yoyote ya kuvunja mkataba. Msimbo unadumu siku 30. Unampa kampuni mpya, na namba inahamia siku moja ya kazi baadaye. Ukitaka kujua tu kama unadaiwa ada ya kuondoka, bila kuanza kuhama, tuma INFO kwenda 85075. Ukitaka kuondoka na kuiacha namba ife, tuma STAC kwenda 75075.

Makosa yanayorudiwa ni haya. Mtu anakatisha laini ya zamani kwanza, kisha anaomba msimbo. Laini ikishakufa, ujumbe hauendi. Mwingine ana pauni 15 za salio kwenye laini ya kulipia kabla, anahama, salio halihami naye. Litumie kwanza. Mwingine anapeleka msimbo Ijumaa jioni akitaraji Jumamosi. Wikiendi haihesabiwi, namba itatembea Jumatatu au Jumanne. Siku ya kuhama kuna saa chache ambapo simu zinaingia laini mpya na ujumbe wa maandishi bado unaenda ya zamani. Usipange kufungua akaunti ya benki au kulipa kodi ya nyumba siku hiyo, kwa sababu misimbo ya benki inaweza kuchelewa. Laini ya zamani ikionyesha "hakuna huduma", weka ile mpya, zima simu na uiwashe.

Laini ya kulipia kabla hufa isipotumiwa. giffgaff inataka uitumie angalau mara moja ndani ya miezi sita. Kwa wengine muda ni mfupi zaidi. Anayekwenda likizo ndefu Zanzibar au Mombasa asome kifungu hicho kabla ya kuondoka na aweke kikumbusho. Namba iliyochukuliwa kwa kutotumika baadaye hugawiwa mtu mwingine, na misimbo yako ya benki inakwenda kwake.

Na kampuni pangaji hufungwa. Ovivo Mobile, iliyokuwa juu ya Vodafone, ilifunga Machi 2014 na kuwaacha wateja wakihangaikia namba zao. Kwa hiyo usijaze salio la mwaka mzima kwa kampuni changa, hata punguzo liwe tamu vipi. Upande wa simu ya mezani na intaneti ya hapa Uingereza, wateja wa simu na intaneti wa Post Office waliuzwa kwa Shell Energy mwaka 2021, na baada ya Octopus kuinunua Shell Energy wakapelekwa TalkTalk. Barua ya aina hiyo ikija, isome siku hiyohiyo, maana masharti yakibadilika kukuumiza una nafasi ya kuondoka bila ada.

Kabla ya kujiunga, angalia kampuni imejisajili kwa msuluhishi gani: Communications Ombudsman au CISAS. Kila kampuni ya simu lazima iwe na mmojawapo, na kupeleka lalamiko ni bure kwa mteja. Wasipolimaliza ndani ya muda uliowekwa na Ofcom, au wakikuandikia kwamba wamefika mwisho, unapeleka huko. Ambayo haitaji msuluhishi wake popote kwenye tovuti, iache. Ukijiunga mtandaoni au kwa simu una siku 14 za kughairi, ingawa utalipia ulichotumia.

Simu ya mezani

Hapa mambo yamebadilika kuliko mahali pengine popote, na wazee wetu ndio wanaopata taabu. Mtandao wa zamani wa simu za waya unazimwa. Tarehe ya mwisho ni Januari 2027, baada ya kusogezwa kutoka Desemba 2025. Tangu Septemba 2023 laini mpya za mfumo huo haziuzwi tena. Simu ya mezani sasa inapita ndani ya intaneti: unachomeka simu nyuma ya ruta, au kwenye kisanduku kidogo cha adapta. Anayegonga mlango au kupiga simu akisema lazima ulipe kadi sasa hivi la sivyo laini itakatwa ni tapeli. Mkatie.

Kwa kampuni zinazouza laini za Openreach, kampuni yenye nyaya zenyewe, waya ni uleule hata jina likibadilika, na muuzaji ndiye pekee utakayezungumza naye. Openreach haipokei simu ya mteja. Kwa hiyo unachonunua hasa ni uwezo wa muuzaji kufuatilia hitilafu. Muulize simu yao inapokelewa saa ngapi, na kama wamejiunga na mpango wa fidia ya moja kwa moja ulioanza Aprili 2019. Mpango huo ni wa hiari. Waliomo wanakulipa bila kuomba pale huduma ikikatika kabisa na kubaki hivyo baada ya siku mbili za kazi, au fundi asipotokea. Wauzaji wengi wadogo hawamo, na pauni mbili ulizookoa kila mwezi zinaweza kuliwa na hitilafu moja ya wiki mbili.

Kabla ya kumwita fundi kwa intaneti ya waya wa shaba, fanya kipimo hiki, kwa sababu hitilafu ikikutwa ndani ya nyumba yako ziara inatozwa. Tafuta kisanduku kikuu ukutani, pale waya wa nje unapoingilia. Kwenye kile chenye mstari katikati, fungua skrubu mbili za nusu ya chini na uivute mbele taratibu. Nyuma yake kuna tundu la kupimia. Chomeka ruta hapo kupitia kichujio chake. Ikitulia, ubovu uko kwenye nyaya za ndani au soketi za vyumbani. Isipotulia, tatizo ni la kwao, na uwaambie kwamba umepima kwenye tundu hilo.

Kama unataka namba ya mezani ya bei ndogo bila kifurushi cha simu, chukua intaneti tupu kwa kampuni moja na uhamishie namba kwa kampuni ya simu za intaneti, kama Andrews & Arnold au Voipfone. Mpangilio wa hatua ndio unaookoa namba. Ukiwa unatoka waya wa shaba kwenda faiba, agiza faiba kwanza ikiwa laini mpya pembeni, isubiri iwake, kisha omba namba ihamishwe. Laini ya zamani itajifunga yenyewe namba ikishatoka. Usiikatishe kwa mdomo wako. Kanuni zinakupa mwezi mmoja baada ya kukatisha kuidai namba, lakini kuirudisha namba iliyokwisha fungwa ni mvutano usio wa lazima. Ukibaki kwenye waya uleule wa shaba huwezi kuwa na huduma mbili kwa pamoja, hivyo chagua muuzaji anayechukua intaneti na namba zote mbili. Utaratibu wa kuhama wa tangu Septemba 2024 unakutaka uzungumze na kampuni mpya tu. Mwambie mapema, na kwa maandishi, kwamba namba inabaki.

Maombi ya kuhamisha namba ya mezani mara nyingi hukataliwa kwa sababu ndogo: postikodi isiyolingana na iliyo kwenye bili, au namba ya akaunti iliyokosewa tarakimu moja. Nakili kutoka kwenye bili ya mwisho, herufi kwa herufi. Tegemea wiki moja hadi mbili.

Adapta inayotumika sana ni Grandstream HT801, yenye tundu moja la simu. HT802 ina mawili. Ndani yake unaingiza jina la mtumiaji, nenosiri na anwani ya seva ulivyopewa. Mambo matatu huharibika. Kwanza, simu inaunganika lakini sauti inasikika upande mmoja: ingia kwenye mipangilio ya ruta na uzime kipengele kiitwacho SIP ALG. Pili, simu zinazoingia zinapotea baada ya dakika chache za ukimya: punguza muda wa adapta wa kugonga seva uwe sekunde 20 hivi, ili ruta isifunge njia. Tatu, jina au namba ya anayepiga haionekani: badilisha mfumo wa utambulisho uwe "SIN 227 - BT". Mbano wa intaneti si kisingizio, kwa kuwa simu moja ya ubora kamili inahitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande.

Kuna moja linalowashangaza wengi: simu ya zamani ya bibi inapiga vizuri, inasikika vizuri, lakini haiiti. Simu za Kiingereza zilipata mlio wake kupitia waya wa tatu, uliotoka kwenye kapasita ya mikrofaradi 1.8 iliyokaa ndani ya kisanduku kikuu. Adapta ina nyaya mbili tu. Nunua kigeuzi cha plagi ya BT, ile ya kawaida ya simu za Uingereza, chenye kapasita ya mlio ndani, si kile kitupu. Vinafanana sana kwa nje, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa.

Umeme ukikatika, simu ya namna hii inakufa pamoja na ruta. Mwenye kutegemea simu ya mezani pekee, au mwenye kitufe cha dharura shingoni, amwambie muuzaji kabla ya kuhama. Kampuni inatakiwa impe njia ya kufikia 999, namba ya dharura, kwa angalau saa moja bila umeme. Hakikisha pia kitufe chenyewe kinafanya kazi kwenye simu za intaneti, kwa kuuliza kampuni ya kitufe. Ukinunua betri ya akiba mwenyewe, hesabu vifaa vyote: HT801 inakula volti 5, ruta nyingi volti 12, na kisanduku cha faiba cha ukutani nacho kina plagi yake. Kisha ingia kwenye akaunti ya kampuni ya simu za intaneti uandike anwani kamili, na namba ya fleti, kwa sababu anayepokea 999 anaona anwani iliyoandikwa hapo. Ukihama nyumba, ibadilishe siku hiyohiyo.